Wawili Walio Juu

Kosa langu lilikuwa la ngeli. Wengine huteleza kwa tamaa, wengine kwa hasira. Mimi niliteleza kwa herufi, tena nikiwa nimefumba macho katikati ya maombi.

Kikundi chetu cha maombi kina akina mama kumi na mmoja, nasi hukutana kila Jumatano saa kumi alasiri nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa matroni wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na alipostaafu aliondoka na kengele ya mkono. Hakuiba, aliagwa nayo. Ndiyo maana tunamwita Mama Kengele. Maombi huanza anapoipiga na huisha anapoipiga, na aliyekuwa katikati ya sentensi humalizia moyoni.

Tuna daftari pia, na hapo ndipo tunapotofautiana na vikundi vingine. Kila ombi huandikwa. Halipigwi mstari mpaka wenzetu wawili wamekwenda kuliona jibu kwa macho yao. Jogoo wa mmoja wetu alipopoteza sauti tuliomba wiki tatu, na mwenyewe aliposema amepona, Mama Kengele alituma mashahidi wawili wakakae karibu na banda tangu alfajiri mpaka awike. Aliwika. Ndipo rula ikatolewa.

Mwaka huu katibu wetu alitangaza kwamba anahamia kwa binti yake. Mama Kengele akaniita kando.

"Mama Vifungo, masomo yako ya jioni ni mwaka wa ngapi sasa?"

"Wa pili, mama."

"Unasoma bila kufuata mstari kwa kidole?"

"Nasoma."

"Basi daftari litakuwa lako. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Ila ujue, humu ndani haujawahi kuandikwa uongo."

Naitwa Mama Vifungo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Katika karakana ya sare za shule mimi ndiye ninayeshona vifungo, mashati mia kwa siku, na kwa miaka ishirini nilisaini kwa dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Nilijifunza kuandika jina langu nikiwa na miaka arobaini na tisa. Usiku wa siku ile niliandika jina hilo ukutani kwa chaki, mume wangu akalisoma, akasema, "Ni lako kweli." Kwa hiyo kuambiwa kwamba nitashika kalamu mbele ya wenzangu, na maombi ya watu yapite mkononi mwangu kabla hayajafika kwa Mungu, lilikuwa jambo kubwa kuliko ninavyoweza kueleza. Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikashukuru.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Mama Kengele.

Watoto wangu wanne walinyonya, wakashiba, wakakua, wakaniachia kifuani bahasha nne zilizofunguliwa. Yaani mbili, lakini kila moja ilionekana kama imefunguliwa mara mbili. Mimi ni mtu wa nguo. Najua gauni linavyotakiwa kukaa. Langu lilikaa kama lingali limetundikwa kwenye msumari. Nilimwomba Mungu ruhusa mwaka mzima kuhusu upasuaji wa kuweka vipandikizi, na kwa kuwa hakukataa, nikaenda. Nilimwambia mume wangu, na nilimwambia wifi yangu, dada yake, aliyekuja kunisaidia kwa sababu nilikatazwa kunyanyua hata sufuria. Karakanani nilisema nina likizo.

Daktari alipofungua bandeji alifurahi. Mimi nilitazama chini, nikakuta sihitaji kutazama chini. Maziwa yalikuwa pale pale juu, chini kidogo ya mitulinga, magumu kama maembe mabichi, yamekaa kama yanataka kusikiliza mazungumzo.

"Yatashuka," daktari alisema. "Msuli bado umekaza na ngozi bado inashangaa. Wiki sita, pengine miezi mitatu. Hayashuki pamoja, kila moja lina saa yake. Lala chali, vaa sidiria hii, funga mkanda huu kwa juu. Na mkono usipite bega."

Nyumbani, wifi aliyatazama muda mrefu, mikono kiunoni.

"Wifi, mbona hawa wamekaa kama wanasubiri kuitwa majina?"

"Daktari amesema yatashuka."

"Watashuka lini? Wale wa zamani walishuka bila kuambiwa."

Mume wangu ni fundi bomba, na alitoa maoni ya kitaalamu akiwa mlangoni. "Hilo ni boya la tangi. Tangi likijaa, boya linakwama juu. Ukiligonga kidogo kwa spana linaachia."

"Kaka, toka," wifi akasema.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu yaliitwa wawili. Asubuhi wifi aliuliza kupitia pazia, "Wawili wameamkaje?" Nami nikajibu, "Wameamka huko huko." Ilikuwa mzaha. Lakini mzaha ukirudiwa siku kumi, ulimi huchukulia kuwa ndiyo lugha.

Jumatano ya pili baada ya upasuaji nilikwenda kwenye maombi, shali imenifunika mpaka kidevuni. Mama Kengele alipiga kengele, wenzangu wakainua mikono. Mimi niliinua yangu mpaka kwenye viwiko, nikaishia hapo, kama mtu anayepokea nguo zilizokunjwa. Muuza Mayai, rafiki yangu wa karibu anayeuza mayai sokoni, alinitazama kwa huruma. Alidhani nimepoa kiroho.

"Mama Vifungo," Mama Kengele akasema, "leo tukuombee nini?"

Sikuwa nimepanga kuomba chochote. Lakini asubuhi ile kifua kilikuwa kimevuta vibaya, nikaogopa. Nikafumba macho.

"Niombeeni," nikasema. "Kuna wawili. Wako juu. Hawajashuka."

Nikasikia Mama Kengele akisogea.

"Juu wapi?"

"Pale kwangu."

Sikusema uongo. Lakini nyumba ninayopanga ina ngazi inayopanda kwenye vyumba viwili vya mwenye nyumba visivyo na mpangaji, na wote mle ndani waliijua ngazi hiyo. Nilisikia ikipita vichwani mwao.

"Wana muda gani huko?"

"Siku kumi na mbili."

"Nani aliwaleta?"

"Daktari."

"Basi si wazima," Muuza Mayai akanong'ona.

"Wakoje?" Mama Kengele akauliza. Huyu ni mtu aliyelea wasichana mia nne kwa wakati mmoja; hapokei habari nusu.

"Wagumu. Wamekaza sana. Na wanavuta, hasa asubuhi."

Nilimaanisha kuvuta kwa ngozi, kama uzi uliobanwa kwenye sindano. Nilipofumbua jicho moja niliona wenzangu wanatazamana, na mmoja wao, ambaye mpwa wake alifukuzwa shule kwa bangi, amejishika shavu.

"Wanavuta kitu gani?" akauliza.

"Sijui, dada. Wanavuta tu, mpaka silali."

"Na mumeo yupo, anatazama?"

"Amekatazwa kuwagusa."

"Na nani?"

"Na daktari."

"Afadhali," Mama Kengele akasema. "Vijana wa siku hizi ukiwagusa unaitwa polisi. Katibu, andika."

Katibu akaandika, akasoma kwa sauti: Wawili wa Mama Vifungo wako juu, hawajashuka. Wanavuta. Washuke.

Palikuwa na nafasi, pana kabisa, ya mimi kusema, "Jamani, si watu." Nilifungua kinywa. Kengele ikalia.

Wifi aliposikia, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili ili acheke vizuri. "Wifi yangu umezaa mapacha wavuta bangi, bila mimba, kwa mkasi wa daktari."

"Nitawaambia Jumatano ijayo."

"Waambie leo."

"Nitawaambiaje? Kwamba kumi wamefumba macho kwa ajili ya kifua changu?"

"Si ndicho kilichokuwa kinauma?"

Sikuwaambia Jumatano iliyofuata. Nilimwambia Mungu, kwa urefu, na nilikuwa na hisia kwamba ananisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilimweleza kwamba kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Aliyenijibu ni wifi, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia. "Kweli yote, isipokuwa ile waliyoisikia."

Wakati huohuo kikundi kikafanya kazi. Ijumaa, Muuza Mayai aliweka mayai sita ya kuchemsha kwenye ngazi ya tatu, na chumvi kwenye karatasi. Jumamosi alikuta sahani tupu, imeoshwa, imegeuzwa ikauke. Alinijia machozi yakimlenga.

"Wameanza kubadilika," akasema. "Mvuta bangi haoshi sahani."

Aliyeiosha ni mume wangu. Alikuwa ametoka kuzibua sinki la mtu, akakuta mayai kwenye ngazi, akamshukuru Mungu, akala. Alilelewa vizuri, akila cha mtu hurudisha chombo kikiwa safi. Wiki iliyofuata aliletewa kumi.

Jumanne wote walifunga. Mwenzetu aliyetutangulia kwa umri, ambaye watoto wake wamemkataza kufunga kwa sababu ya kizunguzungu, alifunga pia, akapepesuka bombani akakalia ndoo. Nilikwenda kumwona. Alinishika mkono akaniambia, "Usijali, mwanangu. Wakishuka tu, mimi nitakuwa nimepona." Nilitoka pale nikiwa nimebana shali kifuani, na chini ya shali wale wawili walikuwa wamekaa, wametulia, hawana habari.

Kila asubuhi nilijipima kwa futi yangu ya kazini, kutoka mtulinga mpaka chini kwenye mkunjo. Futi haina upendeleo. Mwishoni mwa wiki ya nne la kulia lilikuwa limeshuka sentimita moja na nusu, limeanza kulainika, linakaa kama kitu cha mtu. La kushoto halikuwa limeshuka hata upana wa uzi. Nikitazama kioo, upande mmoja niliona mwanamke, upande wa pili niliona mtu aliyeshtuliwa.

"Huyu wa kushoto ana kiburi," wifi alisema.

"Daktari alisema kila moja lina saa yake."

"Huyu saa yake imesimama."

Alhamisi ya wiki hiyo nilikwenda darasani. Mwalimu wetu wa jioni ni karani wa ghala mchana, na hufundisha kama anayehesabu magunia: hapiti kwenye linalofuata mpaka hili limekaa sawa. Aliandika ubaoni: Kikombe amelala mezani.

"Kosa liko wapi?"

"Kikombe hakilali," mwenzangu mmoja, mwashi, akajibu.

"Kikombe kinaweza kulala, ukikilaza. Kosa ni hiyo a. Ukisema amelala umekiweka kwenye ngeli ya A-WA, pamoja na watu na wanyama. Umekipa pumzi. Kwa herufi moja umeumba kiumbe."

Niliacha kuandika. Nimefundishwa tangu utotoni kwamba anayeumba ni mmoja. Nikajaribu kunyoosha mkono, ukafika kwenye bega, nikaona nitumie kiwiko.

"Mwalimu, na mtu akisema, wawili hawajashuka, lakini si watu?"

"Ni nini?"

"Ni vitu. Vya LI-YA."

"Basi aseme mawili hayajashuka. Akisema wawili, watu watapanda ngazi kuwatafuta."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Jumatano iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mama Kengele alikuwa amekwisha kutangaza kwamba maombi ya siku hiyo yatafanyika nyumbani kwangu, chini ya ngazi, ili kazi ya wawili ikamilishwe, kisha daftari likabidhiwe hapo hapo.

Siku tano zile niliomba ombi moja tu. Niliomba la kushoto lishuke. Baadaye nikaona aibu, nikaomba ujasiri. Kisha nikarudi kwenye la kushoto.

Walikuja wote kumi, wamevaa vizuri. Mama Kengele alisimama kwenye ngazi ya kwanza, akapiga kengele mara tatu kama alivyokuwa akiamsha bweni.

"Nyinyi wawili mlioko juu," akasema kwa sauti ambayo sidhani kama kuna msichana yeyote aliwahi kuikaidi. "Muda umekwisha. Shukeni, mkiwa mmevaa."

Hakuna aliyeshuka. Mume wangu, aliyekuwa chini ya ngazi akifunga bomba la mwenye nyumba, alichungulia, akaona akina mama, akarudi kwenye bomba lake.

"Mashahidi wapande," Mama Kengele akaamuru.

Akapanda Muuza Mayai na mama wa jogoo. Tulisikia mlango ukifunguliwa, kisha hatua zao chumba cha kwanza, chumba cha pili. Mimi nilisimama chini, nimeshikwa mkono na wifi.

Wakashuka polepole. Uso wa Muuza Mayai uling'aa.

"Hamna mtu," akasema. "Vyumba vitupu. Hakuna hata harufu ya moshi. Wameondoka."

Shangwe iliyotokea hapo sijawahi kuisikia hata kwa jogoo. Mkubwa wetu alilia, akasema kizunguzungu kimemwisha. Mtu akaanza wimbo. Mama Kengele akapokea daftari kutoka kwa katibu, akalifungua kwenye ukurasa wangu, akaweka rula chini ya mstari wangu, akanigeukia.

"Mashahidi wawili wameona. Mama Vifungo, kuanzia saa hii wewe ndiye katibu. Kazi yako ya kwanza ni kupiga mstari ombi lako mwenyewe. Hiyo ni heshima ambayo hakuna katibu aliyewahi kuipata."

Akanipa kalamu.

Nitasema kama ilivyokuwa. Ilikuwa rahisi sana. Rula ilikuwa imekwisha kuwekwa. Wote walikuwa na furaha. Wale wawili hawakuwepo kamwe, kwa hiyo kusema wameondoka hakukuwa mbali na ukweli, na kama ningepiga mstari ule, jambo lote lingezikwa chini yake. Kalamu ilikuwa ya wino wa bluu, ina alama za meno ya katibu wa zamani. Niliishika kama nilivyofundishwa, vidole vitatu. Nikaiweka kwenye karatasi. Nikasoma tena kilichoandikwa, neno kwa neno, bila kidole.

Kisha nikaondoa rula.

W ya kwanza niliipindua ikawa M, maana ukiitazama kwa subira ni herufi ileile imesimama kwa kichwa. Zile w tano nyingine zilizokosewa nilizichora mikia zikawa y. Herufi sita. Walidhani napiga mstari vibaya kwa sababu ya furaha.

"Umemaliza?" Mama Kengele akauliza.

"Nimesahihisha, mama."

"Umesahihisha nini?"

"Ngeli."

Akanitaka nisome. Nikasoma kwa sauti, polepole, kama tunavyosoma darasani: Mawili ya Mama Vifungo yako juu, hayajashuka. Yanavuta. Yashuke.

Wimbo ulikuwa umekoma. Nilimwona mama wa jogoo akihesabu kitu kwa vidole.

"Mawili," akasema. "Mawili nini? Magunia?"

Muuza Mayai ndiye aliyefika kwanza. Alitazama viwiko vyangu. Akatazama shali. Akarudi mawazoni wiki tatu nyuma, nikamwona anapita siku baada ya siku, mpaka akafika.

"Daktari aliyaleta," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Na mumeo amekatazwa kuyagusa."

"Ndiyo, dada."

Akakaa kwenye ngazi ya tatu, palepale alipokuwa akiweka mayai. Mama Kengele alikuwa bado ameshika kengele, na kidole chake kimeukamata ulimi wa kengele usilie.

"Tulifunga," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Huyu bibi alipepesuka bombani."

"Nilikwenda kumwona, mama."

"Kwa ajili ya maziwa."

"Kwa ajili ya maziwa, mama. Niliona haya kuyataja, nikaogopa, na kila Jumatano ilikuwa ngumu kuliko ile iliyotangulia. Sikuwaambia uongo, lakini niliwaacha mkae ndani yake. Nisameheni. Na daftari nalirudisha."

Nikafunga kalamu, nikaiweka juu ya daftari, nikalinyoosha kwake kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Na mayai yangu?" Muuza Mayai akauliza. "Nani alikula?"

Chini ya ngazi kulisikika kikohozi. "Yalikuwa yamechemshwa vizuri sana, shemeji," mume wangu akasema. "Chumvi ndiyo ilizidi kidogo."

Mkubwa wetu alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka bila meno, bila sauti, mabega tu, kisha kicheko kikawafikia wengine mmoja mmoja. Mama Kengele hakucheka. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kunaonekana kwenye nyusi.

"Ombi hili," akasema hatimaye, "halikuwa la uongo. Liliandikwa vibaya. Kama liliandikwa vibaya, aliyelipokea huko juu alilisoma sawasawa, maana yeye hafuati tahajia. Kwa hiyo kikundi kimekuwa kikiomba kwa haki, ila bila taarifa. Linabaki swali la jibu." Akaingiza kengele mfukoni. "Yameshuka au hayajashuka?"

"Mama?"

"Utaratibu ni uleule. Mashahidi wawili. Pazia liko wapi?"

Tukaingia nyuma ya pazia la chumba changu, mimi, Mama Kengele na Muuza Mayai, na wifi kwa ajili ya mkanda. Nilivua shali. Mama Kengele alivaa miwani. Alitazama kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akikagua vitanda. Muuza Mayai alisogea upande wa dirisha penye mwanga, akafumba jicho moja, jinsi anavyotazama yai dhidi ya jua.

"La kulia zima kabisa," akasema.

"La kulia limekaa," Mama Kengele akakubali. "La kushoto linatazama dari."

"Daktari anasema kila moja lina saa yake," wifi akasema.

"Hata wasichana wangu walikuwa hivyo. Mmoja akisikia kengele anaruka, pacha wake mpaka umwagie maji." Akavua miwani. "Yanauma?"

Hilo hakuna mwenzangu wa maombi aliyekuwa ameniuliza tangu mwanzo, kwa sababu hakuna kati yao niliyemruhusu ajue. Nikasema yanavuta. Akaitikia kwa kichwa. Alinifunga shali mwenyewe, akaibana na pini, kisha akafungua pazia.

"Jibu ni nusu," akatangaza. "Limeshuka moja. Ombi halipigwi mstari."

Kukawa na manung'uniko kidogo, maana watu walikuwa wamekuja na matumaini ya mstari.

"Na ukatibu?" mama wa jogoo akauliza.

Mama Kengele alinitazama, halafu akalitazama daftari, herufi sita zilizosahihishwa kwa wino uliokolea. Nadhani alizihesabu.

"Kati yetu kumi na mmoja," akasema, "tulisoma ukurasa huu Jumatano nne. Mimi niliusoma, katibu aliusoma. Aliyeona kosa ni huyu. Na alikuwa na rula mkononi." Akachukua ile kalamu ya bluu, akaitia mfukoni pamoja na kengele. Kutoka mfuko mwingine akatoa kipande cha penseli, kifupi kama kidole kidogo. "Ataandika kwa penseli. Mpaka la kushoto lishuke. Likishuka, atapewa wino."

Hakuna aliyepinga. Muuza Mayai akasema ni haki, na akaongeza kwamba kuanzia sasa mayai yatauzwa.

Nilikaa kwenye ngazi ya kwanza, daftari magotini. Wenzangu wakasimama kunizunguka, wakainua mikono yote juu. Mimi sikuhitaji kuinua yangu kwa sababu nilikuwa na kazi nayo. Nikachonga penseli kwa kisu cha mume wangu. Nikaandika polepole, kila herufi ikae chini kabla inayofuata haijaja: La kushoto la katibu liko juu. Lishuke.

Mama Kengele aliinama akasoma juu ya bega langu.

"Hiyo ngeli iko sawa?"

Nikaisoma tena tangu mwanzo, neno kwa neno.

"Iko sawa, mama."

Akapiga kengele.